Waandishi waliofika Wagenia kwa shughuli nyingine

Mwandishi akialikwa kuzungumza na wasomaji wake, hakosi mtu wa kuuliza: ukiacha kuandika, unafanya nini? Watu hulipenda swali hili kwa sababu majibu yake hushangaza. Vladimir Nabokov, mwandishi wa *Lolita*, alikuwa bingwa wa vipepeo, na katika miaka ya 1940 alifanya kazi kwenye makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, akichunguza kwa hadubini viungo vya vipepeo wadogo wa buluu. Okot p'Bitek wa Gulu, kabla dunia haijamjua kwa shairi lake refu la Lawino, alikuwa mwanasoka. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, mechi zikaisha, yeye akabaki kusoma. Tunayasikia haya, tunatabasamu, tunageukia mazungumzo mengine.

Naona tunaliacha swali hilo mapema mno. Kile anachokifanya mwandishi asipokuwa na kalamu mkononi ndicho kinachomfundisha nini cha kuhesabu na nini cha kupita bila kukitupia jicho. Mvuvi huhesabu, karani huhesabu, nahodha huhesabu, na kila mmoja ana hesabu yake. Akija kuandika, huja nayo. Anayetaka kuliona jambo hili waziwazi ningempeleka Wagenia, pembeni mwa mji wa Kisangani, mahali ambapo katika muda wa miaka 70 hivi walipita watu watatu wa kalamu ambao hakuna hata mmoja aliyefika kwa ajili ya kuandika.

Kwanza mahali penyewe, maana mto ndio uliowasimamisha hapo. Kutoka Kinshasa, meli hupanda mto Kongo kiasi cha kilomita 1,700 bila kizuizi kikubwa, halafu zinafika Kisangani na safari inakwisha. Mbele yake yako maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotandazwa katika kilomita kama 100 hadi Ubundu, na juu ya hapo mto unaitwa Lualaba. Maji hushuka mita 60 tu hivi katika umbali wote huo, lakini yanatosha kabisa kuzuia chombo. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906: mzigo ushuke melini, upande garimoshi, ushuke tena, uendelee. Mahali ambapo mzigo hushushwa na kupakiwa upya huvuta wafanyabiashara, maofisa, makarani, mapadri na mabaharia, yaani watu wenye daftari.

Wagenia wenyewe, wavuvi wa hapo, walikuwapo kabla ya daftari lolote kufika. Kwenye poromoko la mwisho wamesimika nguzo za miti mizito katikati ya maji yanayochemka. Hawachimbi mashimo ya nguzo hizo, kwa kuwa mkondo wenyewe umekwisha toboa mwamba kwa karne nyingi, na mjenzi hutafuta tundu linalofaa, husimika mti, hukaza. Nguzo huegemezana na kufungwa kwa kamba za mwituni, miti mingine ikalazwa juu yake, mpaka unapata kiunzi kinachovuka povu. Kutoka kwenye kiunzi hicho huning'inizwa migono mikubwa iliyosukwa kwa fito, yenye umbo la tarumbeta, mdomo wazi ukielekea maji yanakotoka na mkia ukiwa mwembamba. Samaki akichukuliwa na mkondo huingia kwa nguvu za maji yaleyale, na kwa nguvu hizohizo hushindwa kugeuka. Asubuhi na jioni wanaume huenda kwa mitumbwi au hutembea juu ya miti iliyolowa, huivuta migono, huitazama, huishusha. Mto ukifurika hung'oa nguzo na kuzibeba, na ukipungua kazi huanza upya. Hii ni kazi ya hesabu kali: kina cha maji, uzito wa mti, umri wa kamba, siku za mafuriko. Nimeieleza kirefu kwa sababu wote watatu nitakaowataja walikuwa mahali hapa, au hatua chache kutoka hapa, nayo karibu haimo katika walichokiandika.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Februari 1887, mjini Unguja, alitia saini mkataba na wajumbe wa mfalme Leopold wa Ubelgiji awe liwali wa maporomoko haya, ambayo wakati huo Wazungu waliyaita Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo watu wa upande wake walikuwa wamekifukuza kituo cha Leopold mahali hapohapo, na mfalme akaona afadhali kumwajiri kuliko kupigana naye. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watu. Kiswahili kinachosemwa leo Kisangani sambamba na Kilingala kilifika kwa njia ya misafara kama yake. Historia hiyo haina utamu wa kusimuliwa harakaharaka, na sitaki kuipaka rangi.

Mtu huyu, akiwa mzee amestaafu Unguja katikati ya mashamba na majumba yake, aliandika kitabu. Alishawishiwa na Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa akikaa Unguja. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Brode akayahamishia katika herufi za Kilatini, nayo yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwandishi alikufa mwaka 1905. Mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley aliyatoa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo kitabu hicho kinahesabiwa kuwa tawasifu ya mwanzo kabisa, au mojawapo ya zile za mwanzo kabisa, katika Kiswahili. Kwake yeye, basi, uandishi ndio uliokuwa jambo la kushangaza. Mtu aliyemjua Unguja angeshangaa kusikia kwamba mzee yule sasa anashika kalamu.

Ukikisoma unaona mara moja kazi iliyomfundisha kuandika. Haanzi na mama yake wala na nyumba aliyozaliwa. Anaanza na umri wa miaka 12, alipoingia katika biashara ya sandarusi akiwa na jamaa zake. Maisha, kwa kadiri anavyoyaona, yanaanza pale mtu anapopata bidhaa yake ya kwanza. Kutoka hapo kitabu kinakwenda kwa mikopo na marejesho: nani alimkopesha mali, nani alikataa, deni lilikuwa kiasi gani, wapagazi wangapi walitoroka. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyemwamini kwa mkopo mkubwa, anapata heshima kubwa kuliko watawala wengi. Anapoeleza vita vyake na Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka 1867, hesabu ya ngawira imetulia kabisa: frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Frasila moja ni kiasi cha kilo 16, kwa hiyo tunazungumzia tani 31 hivi za pembe. Miaka 35 baadaye mzee yule bado ana tarakimu kichwani.

Kama kazi ya kumbukumbu, hili linastahili kustaajabiwa, na kama lugha, ni Kiswahili cha barabarani na barazani, kikavu, chepesi, bila mapambo ya utenzi. Mfanyabiashara hana muda wa kupamba. Anataka ujue alikuwa wapi, na nani, kwa bei gani. Naamini nathari ya Kiswahili ilipata faida hapo, kwamba mmoja wa watangulizi wake wakubwa hakuwa mshairi aliyezoea vina, alikuwa mtu aliyezoea kutoa hesabu kwa wadai wake.

Lakini daftari lilelile linaficha. Pembe zimehesabiwa kwa frasila, na watu waliozibeba wanapita bila majina. Vijiji vilivyochomwa vinaingia katika sentensi na kutoka. Baadhi ya wasomaji husema kwamba alinyamaza kwa aibu au kwa hila, kwa kuwa alijua Mjerumani angemsoma. Huenda hila ilikuwapo. Mimi naona jambo zito zaidi: mizani aliyoishika tangu utotoni haikuwa na upande wa kumpima mpagazi kama mtu. Msomaji anayetaka kuwaona waliotekwa itambidi asome nafasi zilizo katikati ya tarakimu, na ni kazi inayofaa kufanywa, kwa sababu wako humo.

Septemba 1, 1890, meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Roi des Belges ilitia nanga karibu na maporomoko. Tippu Tip alikuwa ameshaondoka kurudi pwani. Ndani ya meli alikuwamo msaidizi wa nahodha, Mpolandi wa miaka 32 aliyeitwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Alikuwa baharia tangu mwaka 1874, na katika mizigo yake alikuwa na sura saba za riwaya ambayo haijakwisha. Tunamjua leo kwa jina la Joseph Conrad.

Ameeleza mwenyewe kwamba utotoni aliweka kidole katikati ya ramani ya Afrika, mahali palipokuwa bado peupe, akasema siku moja atafika pale. Alifika, akaugua kuhara damu. Nahodha wake naye akaugua, na kwa siku chache Conrad ndiye aliyeiongoza meli ikirudi chini. Ndani yake alikuwamo wakala wa kampuni aliyechukuliwa hapo maporomokoni, Georges-Antoine Klein, akafia njiani. Riwaya yenyewe nusura ipotee mtoni karibu na Kinshasa. Ingepotea, huenda tusingekuwa na mwandishi Conrad kabisa, kwa kuwa ndiyo *Almayer's Folly*, kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1895, mwaka mmoja baada ya kuacha bahari.

Kilichobaki kutoka safari ile ni madaftari mawili, sasa yamehifadhiwa Harvard. La kwanza ni la shajara ya mguu, kutoka Matadi kuelekea Kinshasa, na humo anaandika kama mtu yeyote aliyechoka: mbu, joto, maiti njiani, ugomvi wa wapagazi. La pili alilianza siku meli ilipong'oa nanga kuja juu, na hilo ni daftari la kazi. Ukurasa baada ya ukurasa ni mielekeo ya dira, visiwa vya kupita kulia au kushoto, mafungu ya mchanga, magogo yaliyozama, kina cha maji, mahali pa kupata kuni za tanuri. Ameyaandika kwa sababu alitarajia kupewa meli yake mwenyewe, na nahodha asiyeujua mto ni hatari kwa wote waliomo chomboni. Watu wa ukingoni karibu hawamo. Kijiji kinatajwa kwa sababu ni alama ya kugeuzia usukani.

Miaka 9 baadaye lilitoka simulizi lake maarufu la mto huu, *Heart of Darkness*, kwanza katika jarida mwaka 1899, halafu ndani ya kitabu mwaka 1902. Ndani yake msimulizi Marlow anakosa raha kwa sababu zilezile za daftari: anatazama uso wa maji kubahatisha palipofichika mchanga, anatafuta kuni kavu za kesho. Nguvu ya simulizi iko hapo, katika hofu ya mtu ambaye kazi yake ni kutogonga mwamba, na sidhani mtu wa mezani angeweza kuibuni hofu hiyo. Udhaifu wake nao uko hapohapo. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 kule Amherst, alimshambulia Conrad kwa kuwafanya Waafrika kuwa pazia la nyuma, watu wasio na lugha. Waliomtetea Conrad na waliomlaumu wamebishana miaka mingi kuhusu imani yake juu ya rangi za watu. Naongeza ushahidi mmoja tu ambao naona haupewi uzito wake: jicho lililoandika simulizi lile lilikuwa limefundishwa, kwa majuma manne mfululizo, kuutazama ukingo kama alama ya kuongozea chombo. Achebe ana haki katika kulaumu. Ila tukijua kazi ya mchana ya Conrad tunaelewa lawama hiyo inaangukia wapi, nayo ni kwamba alipopata muda, meli ikiwa mbali na miaka ikiwa imepita, hakurudi kuutazama ukingo kwa jicho la pili.

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye tofauti inayosahaulika. Tunaposoma kuhusu mambo ya kupitisha muda ya waandishi wa Ulaya na Marekani, tunadhania mtu ambaye uandishi umekwisha mlisha, sasa anatafuta burudani. Kwetu mambo yamekuwa kinyume. Uandishi wenyewe ndio uliokuwa shughuli ya jioni. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha idara ya mifugo, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya upimaji ardhi, na ndani ya saa zilizobaki alitupa *Kusadikika* na vitabu vingine vingi. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga. Margaret Ogola, aliyeandika *The River and the Source*, alikuwa daktari wa watoto, akihudumia yatima wenye virusi vya Ukimwi. Ungewauliza hawa unafanya nini ukiacha kuandika, wangeweza kukujibu kwa haki kabisa: ninafanya kazi, na nikipata nafasi naandika.

Karani mwingine wa aina hiyo ndiye wa tatu kupita Kisangani. Patrice Lumumba alizaliwa Sankuru mwaka 1925, akaja Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, akiwa kijana anayetafuta kazi. Aliipata posta. Dunia inamkumbuka kama waziri mkuu aliyeuawa Januari 17, 1961, na picha ya mikono iliyofungwa imefuta nyingine zote. Lakini kwa sehemu kubwa ya ujana wake alikuwa mtu wa stempu, hundi za posta na barua. Jioni alikuwa mwandishi. Aliandika mashairi, aliandika makala katika magazeti ya Wakongo waliosoma, na aliendesha jarida la chama cha wafanyakazi wa posta, *L'Écho postal*. Alijitolea kwenye maktaba ya mji. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Clément alipokuja kuuchunguza mji mwanzoni mwa miaka ya 1950, Lumumba alikuwa msaidizi wake.

Zingatia aina ya maandishi ambayo karani wa posta huyaona kutwa. Ni barua, na barua ina mpokeaji, ina jina, ina anwani, ina ombi. Anthony Trollope, Mwingereza aliyeandika riwaya kwa makumi, naye alikuwa mtu wa posta zaidi ya miaka 30, na vitabu vyake vimejaa barua zinazobadilisha maisha ya watu. Kwa Lumumba athari ilikuwa nyingine. Alijifunza kuandika kwa kumwelekea mtu mwenye mamlaka ya kujibu. Mwaka 1956 alishtakiwa kwa kuchukua fedha za posta, akafungwa, na gerezani akaandika kitabu kizima kuhusu hali ya Kongo na mustakabali wake. Kilichapishwa mwaka 1961, mwenyewe akiwa ameshauawa. Wasomaji wanaokifungua wakitafuta moto hushangaa: ni kitabu cha adabu, kinachopanga masuala ya mishahara, shule, mahakama na ardhi moja baada ya jingine, kikimweleza Mbelgiji kwa upole kwamba mambo haya hayawezi kuendelea hivi.

Wako wanaokionea haya kitabu hicho, kana kwamba kinampunguzia Lumumba hadhi. Siungani nao. Kinaonyesha mtu aliyekuwa amezihesabu dhuluma kwa umakini wa karani kabla hajazipigia kelele. Alipotoka gerezani alikwenda Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akauza bia ya Polar, akizunguka baa hadi baa. Kazi hiyo ilimpa kile ambacho posta isingeweza kumpa: wasikilizaji wengi kwa pamoja, wasio na subira, wanaotaka kusikia jambo katika sentensi chache. Hotuba yake ya Juni 30, 1960, mbele ya mfalme Baudouin, ina kazi zote mbili ndani yake. Mpangilio ni wa karani, dhuluma moja baada ya nyingine kama masuala ya barua rasmi. Sauti ni ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya meza zenye chupa na watu waliochoka. Na safari hii hakuomba kitu. Anwani ilikuwa imebadilika: alikuwa akiwaambia Wakongo wenyewe, mfalme akisikiliza pembeni.

Kwa hiyo tunao watu watatu, pembe, mto na barua, na hesabu tatu. Yupo mwingine, wa zama zetu, aliyekwenda upande wa pili. Faustin Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, huko juu yanakoanzia maporomoko yaleyale. Alisoma fasihi na tamthilia Kisangani, na ndoto yake ilikuwa ya maneno. Machafuko ya elimu wakati wa utawala wa Mobutu yalimpeleka Nairobi, na huko mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, zikiwa na jina la rafiki yake aliyefariki, na mwaka 2006 akazihamishia Kisangani. Mwaka 2007 tuzo kuu ya mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi ilimwendea yeye.

Linyekula ni mtu wa fasihi ambaye shughuli yake ya pili ilimeza ya kwanza, au ndivyo inavyoonekana kwa mbali. Yeye mwenyewe hujiita msimulizi. Katika kazi yake iitwayo *Dinozord* alitumia jukwaani maandishi ya rafiki yake, Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa amefungwa Kinshasa. Maneno hayo yalikuwa jukwaani, mwandishi wake akiwa kifungoni, na miili ya wachezaji ikashika nafasi aliyoiacha. Na studio zenyewe hazikubaki za dansi tu: huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, zimejihusisha na suala la maji safi. Anayeuliza dansi na maji ya kunywa vinahusianaje akumbuke tu kwamba mchezaji huuhesabu mwili wake kila siku, na mwili unaoishi Kisangani huanza na maji.

Ninachokipenda kwa Linyekula ni kwamba alirudi. Tippu Tip alihesabu akaondoka, Conrad alihesabu akaondoka kabla mkataba wake haujafika hata robo, Lumumba aliondolewa na gereza, kisha na siasa, na jaribio lake la mwisho la kurudi Stanleyville, mwishoni mwa 1960, lilimgharimu uhai. Mtu anayebaki anapata nafasi ya kuhesabu mara ya pili, na hesabu ya pili ndiyo inayoona kilichoachwa na ya kwanza.

Na kilichoachwa, nimekwisha kusema, ni Wagenia wenyewe. Wameandikwa, ndiyo. Mwanaanthropolojia Mholanzi André Droogers, aliyekuwa akiishi Kisangani, alitazama jando lao la mwaka 1970 na kitabu chake kikatoka mwaka 1980. Wamepigwa picha kuliko wavuvi wengi wa Afrika ya kati, na watalii hulipa wapelekwe kwa mtumbwi kwenda kuiona migono. Lakini anthropolojia nayo ni kazi, ina daftari lake, na picha ya mtalii ina dakika zake. Hakuna kati ya hizo iliyoandikwa na mkono uliolowa.

Kitabu ninachotamani kukisoma kutoka Kisangani ni cha mtu ambaye mchana wake umepita juu ya viunzi vile. Sitaki awe ameacha uvuvi ili awe mwandishi. Namtaka akiwa bado navyo vyote viwili, kama Shaaban Robert na forodha yake. Angejua tundu gani la mwamba ni la ukoo gani, na ugomvi gani ulitokea mara ya mwisho mtu aliposimika nguzo pasipo pake. Angejua sauti ya kamba inayokaribia kukatika, na bei ya samaki sokoni siku ambayo meli ya Kinshasa haijafika. Angejua pia mambo ambayo Conrad aliyaandika kutoka upande wa pili, mafungu ya mchanga na kina cha maji, ila angeyajua kutoka ukingoni, mahali ambapo meli ya mvuke ilionekana ikija, ikitafuta kuni, ikigeuza. Sura ya Tippu Tip akiwa liwali ingekuwa fupi katika kitabu hicho, na wapagazi wangekuwa na majina.

Angekiandika kwa Kiswahili kile cha Kisangani, chenye Kilingala ndani yake, na wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi wangetaka kukisafisha. Ningewaomba wasikiguse.